Mstari Ubavuni mwa Gari

Kwetu Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, hakuna ruti yenye rangi yake. Gari linaloshuka mjini Waso alfajiri linajulikana kwa dereva, kwa mngurumo na kwa saa yake ya kupita. Kiangazi kikikaza, Noah nyeupe, Land Cruiser ya kijani na lori la bluu yote hufanana: vumbi juu, vumbi chini, na kioo cha mbele kilichofutwa nusu duara na waipa. Anayesubiri njiani haulizi rangi. Anauliza kama kuna nafasi, na kama mbuzi wake atalipiwa kama mtu au kama mzigo.

Yatazame hayo magari vizuri mvua ikishayaosha, yakiwa yamepumzika kivulini pale Waso. Mengine yamezaliwa upya mara tatu au nne kabla ya kufika huku. Unakuta Hiace iliyokuja kwa meli kutoka Japani, mlangoni bado ina maandishi ya Kijapani, ya hoteli au ya shule ya chekechea ya huko, na hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Ubavuni umepita mstari mpana wa ruti ya mjini. Pale rangi ilipobanduliwa na kokoto, chini ya mstari huo unachungulia mstari mwingine, wa ruti nyingine. Jina la kituo cha mwisho limepigwa msasa, ila fundi alichoka kabla ya herufi mbili za mwisho. Gari lilikuwa la mji, likaleta hesabu kila jioni mpaka injini ikaanza kudai zaidi ya kile lilichokuwa linaingiza, likauzwa, likaja kumalizia uzee kwenye kokoto. Huku halidaiwi mstari wowote. Mstari umebaki kwa sababu tajiri mpya haoni kwa nini anunue rangi na tina wakati bushi zinalia.

Mimi napenda kuisoma mistari hiyo iliyosahauliwa. Naiona kuwa ni miongoni mwa mambo machache ya busara kamili ambayo mamlaka zetu za usafiri zimewahi kuyaagiza yapakwe kwenye bati, na nadhani haijapewa heshima yake.

Basi la abiria linaweza kupakwa rangi ili kutangaza ni la nani, au ili kumwambia abiria linakwenda wapi. Historia yetu, na ya miji mingi duniani, imejaa kazi ile ya kwanza. Dar es Salaam ilikuwa na kampuni ya mabasi ya DMT, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza wa United Transport. Serikali ikaitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na usafiri wa jiji, KAMATA ikachukua safari za mikoani. Mwenye mali alibadilika, jina ubavuni likabadilika. Yakaja mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati kama kinanda cha mkono, na watoto wa wakati ule, ambao leo ni watu wazima, bado wanayasimulia. Lakini abiria wa Magomeni aliyekuwa amesimama kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri hakuwa na shida ya kujua basi ni la nani. Alijua ni la umma, yaani lake. Shida yake ilikuwa kwamba haliji.

Wenzetu wa Nairobi wameliona jambo hilohilo likifanywa kwa ufundi zaidi. Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934, ilikuwa pia sehemu ya milki ya United Transport. Mwaka 1991 hisa za United Transport humo zikanunuliwa na Stagecoach, kampuni ya Uskoti. Stagecoach walikuwa na rangi zao: bati jeupe lenye mistari ya rangi ya chungwa, nyekundu na bluu. Mistari hiyo ilikuwa ikionekana kwenye mabasi ya Perth kwao Uskoti na ya Malawi, na sasa ikapita Nairobi. Mwananchi wa Eastleigh akawa anapanda basi lililopakwa rangi na mtu ambaye hajawahi kuiona Eastleigh. Mwaka 1998 Stagecoach wakauza, wakaondoka. Mistari ikawa kumbukumbu ya mkataba uliokwisha. Sisemi mabasi yalikuwa mabaya. Wengi wa Nairobi watakwambia yalikuwa na nidhamu kuliko yaliyofuata. Nasema tu kwamba mistari ile mitatu, pamoja na uzuri wake, haikuwahi kumwelekeza mtu yeyote nyumbani kwake.

London nayo ni mfano, maana ndiyo inayotajwa na kila mtu. Kampuni ya London General ilichagua nyekundu mwanzoni mwa karne ya 20 ili mabasi yake yaonekane katikati ya washindani wengi. Ilikuwa rangi ya biashara. Miaka karibu 90 baadaye, mabasi yalipogawiwa kwa kampuni binafsi na kila moja ikataka kujipaka yake, mamlaka ikaweka sharti kwamba angalau asilimia 80 ya basi iwe nyekundu. Rangi iliyoanza kama tangazo la mfanyabiashara ikawa mali ya jiji, kiasi kwamba mfanyabiashara mpya akakatazwa kuigusa. Hilo ni jambo la kustaajabisha, lakini hata huko rangi inakwambia tu kwamba hili ni basi. Linakwenda Brixton au Camden, utasoma mwenyewe.

Sasa rudi Dar es Salaam. Mwaka 1983, baada ya UDA kuzidiwa kabisa, serikali ilikubali watu binafsi wabebe abiria. Daladala zikaingia mitaani zikiwa na rangi yoyote ambayo Mungu na fundi walijalia. Baadaye ukaja utaratibu tunaoujua: gari liwe jeupe, na ubavuni lizungukwe na mstari mpana wa rangi ya ruti yake, mara nyingine rangi mbili zikikaa pamoja. Mamlaka ya usafiri ya wakati ule, SUMATRA, iliusimamia, na tangu 2019 kazi hiyo iko kwa mrithi wake, LATRA. Arusha nayo, mji unaoziita daladala zake vifodi, ina mistari yake.

Fikiri ni nani aliyefikiriwa hapo. Mama anayetoka sokoni na kapu kichwani, hajui kusoma, au anajua lakini miwani ameiacha nyumbani. Kijana aliyefika jana kutoka Ngorongoro na ameambiwa na shangazi yake, panda lenye mstari wa rangi fulani, shuka mwisho wa gari. Mwanafunzi anayejua kwamba konda hamtaki, hivyo anahitaji kulitambua gari likiwa bado mbali ili ajisogeze mlangoni kabla halijasimama. Kibao cha mbele kinasomeka ukiwa karibu. Mstari unaonekana gari likiwa bado linakata kona. Hakuna jina la tajiri humo, hakuna jina la waziri. Tajiri amenunua gari kwa mkopo, analipia bima na leseni, halafu serikali inamwambia: ubavu wote huu, sehemu nzuri kuliko zote, ni wa abiria. Sijui biashara nyingine nchini ambayo mwenye mali ananyang'anywa uso wa mali yake kwa manufaa ya mtu mwenye nauli mkononi.

Bila shaka mstari una faida kwa trafiki pia. Konda akikatisha ruti jioni, akimwaga abiria nusu ya njia ili awahi kurudi kwenye kituo chenye watu, mstari unamsaliti. Gari lenye rangi ya Mbagala likionekana barabara ya Bagamoyo linajieleza lenyewe. Na tajiri akitaka kuhama ruti, haitoshi kubadili leseni. Lazima gari lilale gereji, fundi ayabandike magazeti kwenye vioo, apige msasa, apulize upya. Siku hiyo hakuna hesabu. Wapo waliobaki kwenye ruti mbovu kwa sababu tu ya uvivu wa kupaka rangi, na wapo abiria waliofaidika na uvivu huo bila kujua.

Utaratibu una mapungufu yake. Jua la Tanzania halina adabu na rangi nyekundu. Inapauka haraka kuliko nyingine, ikawa ya chungwa, na ghafla gari limehamia ruti nyingine bila kibali cha mtu. Jioni jua likizama, nyekundu ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi machoni, wakati bluu na kijani bado zinaonekana. Wapo pia watu, hasa wanaume, ambao tangu kuzaliwa hawawezi kuitenga nyekundu na kijani. Kwao ruti mbili ni moja. Na rangi zenyewe zinaisha. Ukishamaliza zile ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitaja kwa jina, unaanza kugawa zambarau iliyokoza na zambarau isiyokoza, na hapo abiria anarudi kuuliza, gari la wapi hili?

Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi kati ya Kimara na katikati ya jiji, kilomita 20.9 za njia yake peke yake pamoja na matawi, daladala zikaondolewa kwenye barabara ile ya Morogoro na mistari yake ikaondoka nazo. Mabasi 140 yalikuja na bluu moja. Yaliyokwenda Kivukoni yalikuwa bluu, yaliyokwenda Gerezani yalikuwa bluu, yaliyokwenda Morocco yalikuwa bluu. Basi limekuwa kubwa zaidi, lina njia yake, linawahi likiamua kuwahi, lakini ubavu wake umerudi kuwa wa mwenye mali. Mama asiyesoma lazima amuulize jirani, na jirani siku hizi ana spika za simu masikioni. Hili silioni likitajwa katika malalamiko juu ya mabasi hayo ya mwendokasi, pengine kwa sababu wanaoandika malalamiko ni watu wanaosoma.

Sisi wa mpakani tunaziona sheria mbili za rangi kwa pamoja. Ukiupita msitu wa Enguserosambu na kuvuka mpaka unaingia Loita, ambako ni Kenya, kaunti ya Narok. Matatu za huko zina mstari pia, lakini ni mmoja kwa wote: wa njano. Ni matunda ya waziri wa wakati ule, John Michuki, ambaye kanuni zake zilianza kutumika Februari 2004. Matatu ziliamriwa kuacha michoro, zipake rangi moja, zizungukwe na ukanda wa njano wenye jina la ruti, zifunge mikanda na vidhibiti mwendo. Madereva wakavikwa bluu iliyokoza na makanga, yaani makonda wa huko, rangi ya damu ya mzee. Ukanda wa njano unamwambia abiria jambo moja tu: gari hili lina kibali cha kukubeba. Mengine asome.

Nairobi haikukubali kunyamazishwa. Michoro ilirudi polepole, nganya, yaani matatu za michoro, za Rongai na za Buruburu zikawa na sura za wanamuziki na wachezaji mpira kuanzia boneti hadi taa za nyuma, na mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe waonyeshe sanaa yao. Miaka minne baadaye, Novemba 2018, serikali yake yenyewe ikazirudisha kanuni za Michuki kwa nguvu na magari yakakamatwa. Mchoraji mwenye bomba la rangi alikuwa msanii hadi Oktoba, mvunja sheria Novemba. Ninawaonea huruma, na zile nganya ni nzuri kuliko chochote kilichowahi kupakwa na shirika lolote. Lakini lazima niseme: nganya nayo inamtangaza mwenyewe. Kijana wa Rongai anaijua kwa jina lake. Mgeni haioni inakoelekea. Uzuri wote ule unamwacha mama mwenye kapu pale pale.

Kuna siku ambazo mfumo wote huu uliletwa mlangoni kwetu na kuvunjika. Mwaka 2011, habari zilipoenea kwamba Mchungaji Ambilikile Mwasapila anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 pale Samunge, upande wa Wasonjo, magari ya Afrika Mashariki nzima yaligeukia Loliondo. Yalikuja ya Arusha na Mwanza, yalikuja ya Kenya na ukanda wao wa njano, Coaster, Hiace, malori, magari ya wagonjwa, na foleni ikalala porini kwa siku nyingi. Mistari ya ruti za mijini ilipanga msururu kwenye njia ambayo haikuwa kwenye leseni ya gari lolote. Kwa mara ya kwanza rangi zote zilikuwa na mwisho mmoja wa safari. Vumbi lilikamilisha kazi ambayo kanuni hazikuiweza, na baada ya siku mbili trafiki hangeweza kutenganisha gari la Nairobi na la Ngaramtoni ila kwa kibao cha namba, nacho mpaka akifute.

Mtu wa mjini anaweza kudhani kwamba watu wa huku, kwa kuwa hatuna mistari, hatusomi magari. Tunasoma sana. Mchunga ng'ombe akiwa kilimani analiona gari likiwa bado nukta kwenye uwanda, na anajua: kijani kile ni cha hifadhi, ile ya rangi ya mchanga iliyoinuliwa paa imebeba watalii, ile nyeupe yenye antena ni ya ofisi. Tangu Juni 2022, vigingi vilipopandwa kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, usomaji huo umekuwa wa lazima, kwa sababu rangi ya gari inamwambia mtu kama aendelee kulisha alipo au awageuze ng'ombe. Rangi hizo zote ni za wenye magari. Hakuna hata moja iliyopakwa kwa ajili ya anayeitazama, ila amejifunza kuitumia.

Macho hayo yamefundishwa na ng'ombe. Katika boma, ng'ombe wa mtu ana alama ya sikio iliyokatwa na ukoo, hiyo inasema ni wa nani, na ana rangi yake, hiyo inasema ni yupi. Mtoto wa miaka saba akitumwa kumtafuta ng'ombe aliyepotea hapewi namba. Anaambiwa rangi na madoa: mwekundu mwenye paji jeupe, mweusi mwenye mbavu za kijivu, aliyechanganyika huku na huku. Wamaasai wana majina ya rangi za ng'ombe zaidi ya rangi zote zilizomo kwenye duka la fundi rangi, na mengi ya majina hayo yanataja mpangilio: mistari, madoa, mabaka, mahali baka lilipokaa. Alama ya sikio inatazamwa kukiwa na ugomvi. Siku zote nyingine kazi inafanywa na rangi.

Rangi nazo zina uzito wake. Kwa Wamaasai, Engai, yaani Mungu, akiwa mweusi ndiye wa mvua na neema. Engai mwekundu ndiye wa hasira na ukame. Afisa wa mjini akiletwa huku na kopo la nyekundu kwa ruti ya kliniki, kwa nia njema kabisa, atashangaa kwa nini wazee wanatazamana.

Lakini lazima nijizuie, kwa sababu kuipenda rangi kunaweza kumfanya mtu aitarajie ifanye kazi isiyo yake. Njia yetu ya kwenda Arusha, ukipitia hifadhini, inapita Karatu, na ukishaitoka Karatu unapita Rhotia. Hapo, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni; walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku hizi magari ya shule yanapakwa njano, rangi ambayo Wamarekani waliichagua mwaka 1939 kwenye mkutano ulioitishwa na Frank Cyr huko New York, kwa kuwa herufi nyeusi juu yake zinasomeka hata asubuhi kukiwa na giza. Ni rangi nzuri na napenda kuiona. Mzazi wa Rhotia au wa Enguserosambu, hata hivyo, anataka kwanza kujua nani amekagua breki, na kopo la njano ni rahisi kuliko ukaguzi wa breki. Mamlaka inayopenda kutoa amri za rangi inapaswa kutazamwa kwa jicho hilo pia.

Lami imekwisha kufika kilomita 49 kati ya Waso na Sale. Ikiendelea hivyo, magari madogo ya ruti fupi yatakuja, yatatakiwa leseni, na siku moja afisa atafungua faili na kugawa rangi kwa Waso, Samunge, Sale, Digodigo, Soitsambu, Enguserosambu. Ombi langu kwa LATRA na kwa halmashauri ya Ngorongoro ni kwamba faili hilo lisifungwe Arusha. Lileteni mnadani, siku ya mnada, wakae wazee, akina mama wa kliniki na madereva, na rangi ziwekwe mbele yao juu ya bati lililokwisha pakwa vumbi, zitazamwe saa sita mchana na zitazamwe tena jioni. Pamoja na rangi, gaweni na michoro: huyu mstari mmoja, huyu mistari miwili, huyu madoa, huyu mabaka, ili aliyefifishiwa nyekundu na jua bado alijue gari lake. Jina la tajiri liandikwe dogo, karibu na tairi la nyuma. Na gari la Enguserosambu lisipewe nyekundu.